Masikio ya Bibi Yalikuwa Mfukoni Mwangu

Nimewahi kusimama nje ya geti la hospitali nikiwa na masikio ya bibi yangu mfukoni.

Usicheke. Siku ile mwenyewe nusura nilie.

Bibi hasikii bila mashine ya masikio. Na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, hata binti yangu mchanga, bibi humtambua kwa kumpapasa uso.

"Nataka nimwone kitukuu changu ana pua ya nani," ndiyo ilikuwa kauli yake kila siku.

Tulisubiri sana. Mwishowe daktari bingwa wa macho akaja mjini kwetu kwa wiki moja tu, na bibi akapangiwa upasuaji siku ya mwisho.

Asubuhi tuliingia pamoja bila shida, yeye mgonjwa, mimi msindikizaji. Akapewa kitanda. Hatujakaa vizuri, betri ya mashine ikafa.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto, "dunia imenyamaza."

Nikamfinya mkono kumwonyesha narudi sasa hivi. Nikatia mashine mfukoni nikakimbilia dukani. Nesi sikumwambia kitu. Duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara, nimwambie nini?

Sasa mjue jambo moja kuhusu bibi yangu. Asiposikia, hasemi kwamba hajasikia. Anaona haya. Anatabasamu, anatikisa kichwa, anasema, "Ndiyo, mwanangu." Aliwahi kumjibu hivyo fundi rangi, tukarudi nyumbani tukakuta jiko zima la zambarau.

Betri nikapata. Nikarudi getini.

"Wageni siku hizi wanajiandikisha mtandaoni," mlinzi akasema, mzee mmoja mpole tu. "Skani hapo."

Hapo ni kwenye kioo cha kibanda chake. Walikuwa wamebandika ile QR, kile kimraba cha vidoti vyeusi, kwa ndani. Jua lote la asubuhi linapiga kioo, ukitazama unajiona sura yako.

Lakini tatizo langu lilikuwa kubwa zaidi ya jua. Simu yangu haikuwa na kamera.

Mimi ni fundi simu. Wiki ile mteja mmoja alinisumbua mpaka nikaing'oa kamera yangu nikamfungia yeye, nikisubiri spea ifike. Mganga hajigangi, walisema kweli.

Mzee akatazama fulana yangu, iliyoandikwa FUNDI SIMU kifuani. Akatazama simu yangu.

"Mzee wangu, niruhusu tu. Bibi yangu yuko ndani, hasikii."

"Kijana, mimi si wa kuruhusu tena. Kuna ukurasa wa kijani. Ukitokea kwenye simu, unapita. Usipotokea, kibarua changu kinaota nyasi."

Mama mmoja aliyeshika chupa ya chai akanihurumia, akanipa simu yake. Tukatandaza mtandio wake juu ya kioo kuzuia jua, mimi nimejibanza humo ndani kama mpiga picha wa zamani. Ikakubali.

Tovuti ikafunguka. Herufi zake ndogo kama sisimizi, imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta kubwa ya mezani. Unavuta kushoto, unavuta kulia. Kitufe cha "Endelea" kimefunikwa na maneno ya kutukaribisha. Tukapambana na makaribisho mpaka yakatoka.

Nikajaza kila kitu. Nikabonyeza.

"Ili kuthibitisha, skani msimbo huu kwa simu yako."

Na msimbo wenyewe ulikuwa palepale, kwenye simu ileile.

Mama akauliza taratibu, "Sasa baba, simu ijiskani yenyewe?"

Tukatafuta simu ya pili. Ya mlinzi ni kitochi, haina kamera. Dereva teksi akajitolea ya kwake, tukaelekeza simu kwa simu, watu wazima watatu tumeinamiana utadhani tunawasha moto kwenye upepo.

"Muda wako umekwisha. Tafadhali anza upya."

Nikampigia bibi, nikijua hatasikia, nikitumaini ataihisi simu ikitetema na kumpa nesi.

Akapokea mwenyewe.

"Haloo, mume wangu? Sikusikii. Daktari yuko hapa, naona weupe wa koti, ananisemesha."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume, mbali. "...kwa hiyo bibi, unaridhia?"

"Bibi, mpe simu daktari," nikapaza sauti. "Mpe simu."

"Ndiyo, mwanangu," bibi akamjibu yule daktari.

"Una hakika, bibi?"

"Ndiyo, ndiyo."

Nilipiga kelele mpaka dereva akanishika bega. Simu ikakatika. Sijawahi kujiona bure kiasi kile. Masikio yake ninayo, betri ninayo, na mtu anaitikia jambo asilolijua hatua chache kutoka niliposimama.

Nikaanza upya. Jina. Namba. Wodi. Safari hii hata ukurasa haukufunguka.

Mlinzi akachungulia kibandani, akashusha pumzi. "Mfumo umeanguka." Akavuta droo, akatoa daftari kuukuu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Andika jina, pita."

Nikaandika jina. Nikapita. Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Wodini nikamkuta bibi amekaa, amevaa nguo zake za nyumbani, mkoba mapajani, anatabasamu. Nikajua kuna jambo kabla sijauliza.

"Kaka, bibi yako ana moyo wa ajabu," nesi akaniambia. "Aliletwa mgonjwa mwenye jicho moja tu, nalo linaharibika. Daktari akamwomba bibi ampishe, yeye asubiri awamu nyingine. Alimuuliza mara mbili. Akakubali."

Nilitia betri, nikamvalisha bibi mashine yake. Nikamweleza.

Tabasamu likaondoka polepole.

"Aliniuliza hivyo?" akasema. "Mimi nilidhani ananiuliza kama nimekunywa chai."

Daktari alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji. Kutoka huko alikuwa anakwenda zake. Awamu nyingine ni lini, nesi hajui. Akatupa kikaratasi.

Bibi akakipokea, akakipapasa kama anavyompapasa kitukuu chake.

"Wameandika nini, mume wangu?"

Ilikuwa QR. Chini yake mstari mmoja: kupanga tarehe mpya, skani hapa.

Ndugu yangu, kama una ofisi na unataka kubandika kile kimraba mlangoni, bandika. Lakini weka na mtu pembeni yake, anayeweza kuambiwa "bibi yangu hasikii" akaelewa. Na wewe unayetoka mara moja tu, muage nesi.

Kamera yangu nimeshairudisha. Binti yangu ameanza kutambaa, na bibi bado anauliza ana pua ya nani.