Nilimfuata Nekesa Hadi Kakuma

Ukweli ni kwamba wivu ndio ulionipandisha basi. Nekesa, tunayefundisha naye shule moja hapa Kitale, alikwenda Turkana likizo iliyopita akarudi na hadithi ambazo mchapishaji alizipokea mara moja. Mswada wangu ulirudishwa. Niliambiwa nina nafasi moja tu ya kuleta kitu chenye uhai, la sivyo nisisumbuke tena. Walimu walipompongeza Nekesa nilicheka nao, roho ikiniuma. Kisha nikamwuliza, kama mzaha, alilala wapi na alikunywa chai wapi. Akanitajia yote bila kuficha. Hata ukarimu wake uliniudhi.

Lodwar nilifika mchana, jua likiwaka hata abiria wakagombania kivuli cha basi. Wanawake waliuza vikapu vilivyosukwa kwa majani ya mikoma kando ya barabara, wakitaniana kwa sauti. Sikuwasikiliza. Nekesa hakuandika kuhusu Lodwar, kwa hiyo nilikodi gari nikaelekea ziwani.

Eliye Springs nilipokewa na Akiru, mtunzaji wa vibanda vya wageni.

"Ejok," akanisalimu. "Unataka nyumba gani?"

"Ile aliyolala mwalimu Nekesa."

"Hiyo iko na joto sana. Hii ingine iko na upepo."

Nikashikilia ile ile, nikaoga jasho usiku kucha. Asubuhi nilikaa chini ya mikoma, miguu ndani ya maji ya chemchemi, vitabu nilivyobeba vikiwa pembeni, na ziwa likigeuka kijani mbele yangu. Niliandika sentensi nzuri kuhusu rangi ile. Nikaisoma mara ya pili, nikaitambua. Ilikuwa ya Nekesa, karibu neno kwa neno. Niliichana karatasi. Nilimchukia kwa kuniwahi hata kwenye maji.

Kakuma ilikuwa tumaini langu la mwisho. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa Mama Furaha, Mkongomani ambaye kahawa yake Nekesa aliisifu sana.

"Mudada ule alikuwa anapenda kukaa pale kwa dirisha," Mama Furaha akaniambia.

Nikaketi pale pale. Jirani yangu alikuwa Ekal, mchuuzi wa mbuzi, aliyekuwa akiwachangamsha wateja kwa wimbo wa kulisifu dume lake la ng'ombe. Aliinua mikono juu ya kichwa, akaipinda kama pembe za ng'ombe huyo, na watu wakaitikia. Alipomaliza akaniambia kuwa dume hilo liko malishoni na kaka yake, lina pembe moja iliyopinda vibaya, na rafiki yake Lokwang ana dume zuri kulishinda.

"Basi tuimbie la Lokwang," nikasema.

Ekal alinitazama kama mtu aliyetukanwa bila sababu.

"Hiyo ni ya Lokwang. Mimi nikiimba ng'ombe yake, watu watasema mimi sina ng'ombe."

Nikaomba radhi. Nikasukuma kikombe kando. Nilikuwa nimelala kitanda cha Nekesa, nimekalia kiti chake, na kila aliyeniona alikuwa ameshajua kwamba sina changu.

Kesho yake nilipanda basi la kurudi. Njia nzima nilijiuliza nina nini, na jibu lilikuwa moja tu, baya kama pembe ile. Nikaandika: "Rafiki yangu amefanikiwa, na mimi siwezi kulala." Mkono haukusimama hadi milimani, na hakuna sentensi niliyohitaji kuichana.

Nilichojifunza ni hiki: mandhari mtu anaweza kuazima, lakini si kinachomkereketa. Mswada nimeupeleka. Kabla ya kuupeleka nilimpa Nekesa ausome, kwa sababu yumo humo kwa jina lake, pamoja na wivu wangu wote kwake. Alinirudishia mbele ya walimu wote, akasema ni kazi nzuri kuliko yake. Tangu siku hiyo hanisemeshi.