Ovaroli Iliyoimba Krismasi

Juzi nilikuwa nalima nyuma ya jiko, hapa kwangu Bwera, jembe ikakamata kitu. Nikavuta. Ikagoma. Nikavuta tena kama mutu anavuta mbuzi ya kwenda soko, na kumbe ni jezi ya mpira ya mujukuu wangu, ile alitupa kwa shimo ya takataka wakati bado ni katoto. Leo anaota ndevu, na jezi bado nyekundu! Udongo ilikula maganda ya ndizi, ikakula majani, ikakula hata kiatu ya ngozi ya marehemu mzee wangu. Jezi, ikashindwa kuimeza.

Mujukuu akaja, anavuta miguu, na ile sauti yake ya mutu ameamshwa: "Aaa, Nyanya, hiyo ni uchafu. Tuichome tu." Tuichome! Siku alichoma nguo hapa, tulikohoa sisi, akakohoa jirani, na kuku akakohoa.

Nikakaa chini na jezi kwa magoti, rafiki yangu, nikaanza kucheka peke yangu. Nilikumbuka nguo ingine.

Mimi nililelewa na nyanya yangu kule Kasese, karibu na nyumba za watu wa mgodi. Chini ya kitanda yake kulikuwa na kapu ya nguo zilizochoka. Kwetu nguo hazikutupwa. Gauni ilianza kwa shangazi, ikashuka kwangu, ikapasuka, ikawa nepi ya mutoto wa mutu, ikawa ngata ya kubebea mutungi, halafu kamba laini ya kufunga mugomba usianguke na mukungu wake. Kipande ya mwisho iliingia kwa tadooba, kataa ketu ka mkebe, kama utambi, tukala maharagwe na mwanga ya gauni ya shangazi. Nyanya alikuwa anasema, mukasi inalia kwacha-kwacha mukononi: "Nguo haikufe. Inabadilisha kazi tu."

Sasa mwaka moja katekista wetu akatoa amri. Huyo baba aliongea na pua, kama amefungia nyuki ndani: "Krismasi hii, watoto wa kwaya, wote bluu! Asiye na bluu, atakaa nyuma na wamama." Yesu wangu! Mimi ndiye nilianzisha nyimbo. Mbele ilikuwa mahali yangu. Nikapindua kapu yote, nikapata kijani, nikapata njano, nikapata rangi ambazo hazina jina. Bluu hakuna.

Jirani yetu alikuwa Mukenya, kazi yake kulipua mawe ndani ya mulima. Ovaroli yake ya pamba ilikuwa bluu, magoti wazi, kampuni imeshamupa ingine. Nyanya akapika matoke na mchuzi ya karanga, ile inanukia mpaka barabarani, akamupelekea. Alipomaliza sahani, ndipo nyanya akamwomba hiyo ovaroli. Jirani akakumbatia ovaroli yake. "Aa-aa, mama! Hii na mimi tumekula vumbi pamoja. Kila siku imenitoa shimoni mzima." Akaniangalia nimeshika mulango, macho imejaa maji. "Haya, chukueni. Lakini huyu mutoto asimame mbele kabisa. Nataka kuona ovaroli yangu ikiimba."

Tukapeleka kwa fundi, Mukongomani, kwa baraza ya duka. Akagusa kitambaa, akalia kama anazika mutu: "Ee mama, hii iko nguvu sana! Sindano yangu itakufa!" Lakini mashini yake ikanguruma, tarrrr, mpaka gauni ikatoka, na mifuko mbili kubwa mbele. Mugongoni mwa ovaroli kulikuwa na maandishi nyeupe. Nyanya hakujua kusoma, mimi sikujua, na fundi alijua namba za utepe tu. Nyanya akasema, "Hii maua ni nzuri, isipotee nyuma. Weka kwa kifua."

Krismasi ikafika. Nikaingia kanisani shingo juu kama korongo, nikasimama mbele. Watu wanaojua kusoma wakaanza kutetemeka mabega. Mimi nikadhani ni furaha ya Mwokozi. Katekista akainama, akasoma kifua yangu kwa sauti: "HATARI. BARUTI. KAA MBALI."

Kanisa ikapasuka! Nyuki za puani zikatoka zote: "Binti, rudi nyuma! Huwezi kutangaza kuzaliwa kwa Bwana na baruti!" Nikaanza kugeuka.

Kwa benchi ya watu wa mgodi, jirani akasimama. "Mwalimu, hiyo nguo imeonya watu wasife, miaka yote. Leo iache iimbe."

Katekista akafungua mudomo. Kabla pua haijaanza, nyanya yangu akaitika kutoka kwa wamama: "Na wewe kaa mbali naye! Si umesoma mwenyewe?"

Hata padre alificha uso na kitabu. Nikabaki mbele. Nikaimba mpaka vioo ikasikia, na jirani analia, anapangusa pua na mukono ya ovaroli mupya. Tangu siku hiyo jina langu ni Hatari. Mpaka leo kuna wamama wawili, watatu wananiita hivyo sokoni.

Ile gauni ilifanya kazi kuliko sisi. Ilivaliwa na wadogo zangu, mufuko moja ikawa nyumba ya kiberiti ukutani, vipande zingine zikafunga migomba. Ilipochakaa kabisa, nyanya akaifukia chini ya maboga ishike maji, na ikaoza huko.

Leo fundi wa baraza hayuko, kapu haiko. Nguo zinakuja na malori, zimefungwa balo za mitumba, zinamwagwa sokoni, watoto wanavaa Jumapili mbili na kutupa. Mvua ikinyesha, muto inashuka na masuruali na mablauzi. Muto inavaa kuliko sisi! Na nguo za siku hizi hazina adabu ya kuoza kama pamba ya zamani.

Basi nikafua jezi ya mujukuu, nikaikata vipande, nikaanza kufunga vanila kwa miti yake. Inavutika, haikati mumea. Yeye amesimama, mikono mufukoni, ananisikiliza nikimusimulia ile ya ovaroli. Halafu akaingia ndani, akarudi na mufuko ya nguo aliyoweka ya kuchoma. Akakaa. Akachukua mukasi. Kwacha.

"Nyanya, sasa hiyo ovaroli iko wapi?"

"Tuliikula."

"Mulikula nguo?"

"Tulikula maboga yake. Tamu, hata katekista aliomba kipande."

Akaniangalia kuanzia kichwa mpaka miguu. "Ndiyo maana," akasema, "hatari haijatoka ndani yako."