Safari ya Konrodi Hadi Silanga

Niliondoka Kawangware kwa miguu kwenda Kibera kwa sababu nilitaka kujua kama gari langu litamuua mama yangu.

Ninyi mliobaki Webuye mnajua Mama alikuja Nairobi kutibiwa nyonga. Daktari alimruhusu arudi nyumbani, lakini si kwa basi, kwa kuwa mguu ulitakiwa kukaa umenyooka. Likabaki gari langu, lile dogo lenye buti ndefu ambalo nchi hii hubebea kila kitu kuanzia kabeji hadi marehemu. Halina tabia mbaya, ila mlimani huchoka. Ndipo Ayub, shemeji yangu aliyemuoa dada yangu Rose, fundi wa magari pale Satellite, akalifungia turbo ya mitumba kwa moyo mweupe ili Mama asilale njiani kwenye mlima wa Timboroa. Gari likapata nguvu nyingi ambazo halikuzaliwa nazo, na mimi nikakosa usingizi.

Asubuhi nilianzia Satellite. Nilimuuliza Ayub kama vyuma vya ndani vitastahimili. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa konrodi ya injini nyingine ya aina hiyohiyo. Konrodi ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni juu na krenki, mhimili unaozunguka, chini. Kila mlipuko ndani ya injini huuangukia mkono huo. Hii ilikuwa nyembamba katikati kama mguu wa kuku.

"Shika uone," Ayub akasema. "Hii ni ya kampuni. Inabeba mara mbili ya ile pawa ilikuja nayo."

Nikamuuliza nani alimwambia mara mbili. Akasema inajulikana. Nikamuuliza kama, kwa hiyo, atasafiri nasi, akanitazama kama niliyemtukania ukoo.

Ninyi hamhitaji maelezo, lakini majirani wataisoma barua hii pia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja wala hawapandi gari moja. Tangu Ayub alete ng'ombe wa mahari, yeye na Mama huzungumza kupitia mtu wa tatu, hata wakiwa sebule moja. Kwa hiyo mtu pekee aliyeiamini ile injini ndiye mila ilimkataza kuipanda. Niliomba niazimwe konrodi, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni na kushika njia. Gari niliacha, kwa kuwa ndilo lililokuwa likichunguzwa.

Dagoretti Corner nilipumzika kwa chai na mandazi. Mwenye kibanda aliinua mfuko wangu, akauliza kama nauza, kisha akashauri niuze. Mimi ni fundi cherehani, na nilipoitazama ile konrodi kando ya kikombe niliona kitu ninachokijua. Cherehani ya miguu inayo ndugu yake, kile chuma kinachotoka kwenye pedali kwenda kwenye gurudumu. Changu kimewahi kupinda. Hakikupinda siku niliyoshona sare za shule mbiombio. Kilipinda siku sindano ilipokwama kwenye turubai nami nikakanyaga kwa hasira. Nililipa chai nikiwa na wasiwasi zaidi ya nilivyofika.

Adhuhuri nilikuwa Soweto West, Kibera, kwenye gereji ya Otis, fundi wa injini niliyeelekezwa kwake na mteja wangu. Mjue kwamba fundi wa Nairobi hakusalimii kabla hajauliza jambo moja.

"Hii kazi ilifanywa na nani?"

Nikasema ni shemeji aliyenifungia turbo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari. Hilo halikunishtua, kwa sababu sijakutana na fundi aliyesifu kazi ya mwenzake. Hata mimi nikiletewa suruali huuliza ni nani aliyeiharibu. Nilikuwa nimejiandaa kuamini nusu tu ya maneno yake.

Otis aliitundika konrodi kwa kamba, akaigonga kwa spana na kusikiliza. Ililia vizuri. Akasema haina ufa, lakini mlio huo hauelezi itabeba kiasi gani. Nikamwomba anitajie kiasi.

"Mzee, hakuna namba moja. Hii ya kampuni inabeba ya kampuni na kidogo juu, basi. Na si pawa tu, ni pawa inakuja saa gani. Ukikimbiza injini sana, hizi bolti zinavutwa. Lakini ukiwa kwa mlima, gia ya juu, injini iko slow, alafu ukanyage, turbo inasukuma yote mara moja. Hapo ndio inapinda. Enda Silanga kwa Mama Akinyi, anauza makaa. Bwanake alikuwa na gari kama yako, na turbo. Uone."

Njia ya Silanga hushuka kuelekea bwawa. Unaivuka reli, unafuata mitaro, unapisha mikokoteni ya maji, kisha ghafla yanatokea mashamba ya sukuma wiki na hewa inanuka udongo uliomwagiliwa. Mama Akinyi alikuwa amekaa kati ya magunia akivunja makaa makubwa yawe madogo. Alichovunjia ni konrodi.

Ilikuwa pacha wa yangu, ila ilikuwa imepinda kama herufi S na upande mmoja umeng'oka. Nilitoa yangu mfukoni nikaiweka kando yake. Niliogopa, nakiri, nikakaa juu ya gunia bila kukaribishwa.

Alinisimulia huku akiendelea na kazi. Mumewe alikuwa akitoka Narok na mzigo wa makaa. Kwenye tambarare alikimbia atakavyo na gari likatii. Kwenye mlima hakutaka kushusha gia kwa sababu turbo ilikuwa ikivuta vizuri. Chuma kilipinda, kikakatika, kikatoboa injini na kutoka nje. Mafuta yalimwagika juu ya bomba la moto, yakawaka.

"Yeye aliruka," Mama Akinyi akasema. "Ako na miguu mizima."

Nilimfikiria mtu mwenye nyonga mpya akiruka. Nikaomba kuazima kile chuma. Alikubali kwa sharti nikirudishe kabla ya Jumatatu, maana makaa hayajivunji.

Alasiri nilirudi Satellite na kuziweka konrodi zote mbili juu ya meza ya Ayub. Nikamweleza mlima, gia na moto. Aliigeuza ile iliyopinda muda mrefu, akaisogeza karibu na mwanga, akaipima kwa kidole.

"Huyo fundi aliyemfungia turbo alikuwa nani?" akauliza.

Nilienda nyumbani Kawangware nikiwa nimechoka mwili na kumchoka Ayub. Mama alikuwa kitandani, Rose akimkanda mguu. Niliwaambia yote, nikiamini Mama atasema tuahirishe. Yeye akamgeukia Rose.

"Mwambie mkwe wangu naye apande. Fundi akae karibu na kazi yake."

Rose alisema mila haikubali. Mama akajibu kwamba mila ni ya kwake pia, atajifunika leso kichwani, na mkwe akae nyuma atazame dirishani. Wazee wakilalamika, waje wamshtaki yeye. Rose akaenda kufikisha ujumbe, na aliporudi alisema Ayub aliposikia alivua tu kofia.

Kesho yake nilipita Satellite mapema. Ayub alikuwa ameinamia injini, akirudisha mabomba ya zamani. Turbo ilikuwa chini, juu ya gazeti.

"Nimeona niipumzishe tu," akasema bila kuinua uso. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Basi tulisafiri. Mama mbele, mguu umenyooka, leso hadi puani. Ayub nyuma, katikati ya mabegi, shingo imepindishwa dirishani kiasi kwamba nilimhurumia. Timboroa tuliipanda kwa gia ya pili. Tulipitwa na malori, na trekta lililobeba watu waliotupungia mikono. Kuhusu konrodi za kampuni, nimejifunza kwamba zinabeba pawa ile tu ambayo aliyeiongeza yuko tayari kuipanda mwenyewe.

Karibu na kilele Mama alifungua mdomo, macho yakiwa barabarani.

"Wafula mwanangu, mwambie aliyetengeneza gari hili kwamba linapanda vizuri."

Kutoka nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa bega, ikaja sauti: "Mwambie Mama nimeshukuru."

Nikazifikisha salamu zote mbili.