Mfupa Uliochemshwa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya bucha moja Mbaraki, nyuma ya mzee anayelinda jumba la jirani. Mwenye bucha alipomwona tu, akamfungia mfupa wa ng'ombe kwenye gazeti, bure, kama kila wiki.

"Wa mbwa wako huu, mzee."

Mlinzi hakunyoosha mkono. "Mbwa amekufa, shekhe."

Kisu kikatulia juu ya gogo. "Amekufa na nini?"

"Daktari asema vipande vya mfupa vimemtoboa matumbo."

"Si nilikwambia umpe mbichi, na uwe mkubwa usioingia kinywani? Ukishapikwa huvunjika kama kioo."

"Uliniambia. Lakini tajiri wangu alisema mbwa akionja damu atauma watoto. Nikauchemsha mpaka ukawa mweupe." Akaonyesha kwa mkono, polepole, alivyokuwa akiengua povu.

Sisi huku twaamini moto huondoa kila baya. Maji twachemsha, maziwa twachemsha, na hofu zetu nazo twazitia sufuriani.

Mwenye bucha akamsukumia mfupa ule ule. "Basi chukua, ukapike supu."

Mzee akaurudisha kwa vidole viwili.

"Nimeshapika," akasema.