Niliinua kiti changu kabla filamu ya Faustin haijaisha

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Uzi huu mke wangu ameusoma kabla sijaupandisha, kwa hiyo nikidanganya popote, yeye ana ruhusa ya kufungua akaunti na kunikana hapa hapa.

Nimeona mnabishana humu kuhusu muvi kali na muvi za hovyo. Nilitaka kuchangia kule, nikajikuta nina jambo zito kuliko comment.

Ni habari za miaka ya uasi. Mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi, na njia ya mto kwenda Kinshasa ilikuwa imefungwa. Meli hazipandi wala hazishuki. Sabuni shida, chumvi shida, na kaseti mpya za video ndiyo usiseme.

Starehe iliyobaki ilikuwa salle ya video, nyie wa Dar mnaita banda umiza. Yetu ilikuwa commune ya Tshopo, mali ya mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani, tukimwita Papa Salumu. Mabenchi yalikuwa machache, kwa hiyo kila mtu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani.

Sasa pale mimi nilikuwa mtu.

Waliniita Juge, yaani hakimu. Sikusoma sinema popote, nilikuwa mtazamaji tu kama nyinyi, ila nilikuwa na mdomo. Ikawa desturi: Juge akiinua kiti chake katikati ya filamu, wengine nao wanainua, na Papa Salumu anatoa kaseti na kuweka nyingine. Hata kama filamu imebakiza robo saa.

Ngoja niwape hukumu zangu za enzi zile, nyingine bado nazisimamia.

Muvi za kareti nilizipenda, lakini jamani, kwa nini maadui kumi wanasubiri zamu? Mmoja anapigwa, tisa wanarukaruka pembeni.

Za makomando, stelingi anafyatua risasi tangu asubuhi na bunduki haiishi. Sisi risasi tulikuwa tunazisikia kwa masikio yetu, tunajua zinaisha. Hizo nilikuwa nainua kiti mapema sana.

Za Kihindi, binti katoroka kwao bila hata begi, halafu wimbo mmoja kabadilisha nguo mara sita. Anazitoa wapi? Ila yule mama wa stelingi akianza kulia, mimi nilikuwa nasingizia moshi wa jenereta.

Na zile za Kinigeria za bei chee, mzimu umepakwa unga na mkononi umevaa saa. Nilizicheka mpaka mbavu ziume, lakini kiti sikuinua, kwa sababu hadithi ilikuwa na mashiko. Hapo mjue kwamba nilikuwa naweza kusamehe umaskini wa filamu nikitaka.

Turudi kwenye jambo lenyewe.

Faustin alikuwa rafiki yangu tangu shule. Kwao ni wavuvi wa pale kwenye maporomoko, wale wanaofunga mitego kwenye miti mirefu juu ya maji, na yeye kazi yake ilikuwa kupiga video za ndoa na matanga. Alikuwa na kamera ile ya kubeba begani, inayomeza kaseti nzima.

Siku moja akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe. Mjane anaibiwa mitego ya samaki na majambazi, wanawe wanaapa kuirudisha. Mjane aliigizwa na mama mzazi wa Faustin.

Mashine ya kuunganisha picha hakuwa nayo, kwa hiyo alipiga scene moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na ikikosewa anarudisha nyuma anapiga tena juu yake. Kopi hakuna. Kaseti moja tu, na alitumia miezi minne.

Siku ya kuionyesha ilikuwa Jumapili mchana, salle imejaa. Mama yake Faustin alikaa mbele kabisa, kavaa pagne, kitenge chake cha sikukuu.

Filamu ikaanza. Sauti inasikika nusu, nusu inamezwa na maji ya maporomoko. Watu wametulia.

Halafu wakatokea majambazi. Wakuu, majambazi walikuwa wamebeba makasia. Wanaume watatu wamefunga vitambaa usoni, wanatishia watu kwa makasia ya mtumbwi.

Nilicheka kicheko kibaya.

Na hapa ndipo panaponiuma. Nilijua kwa nini ni makasia. Mji ulikuwa umejaa askari, ukionekana hata na bunduki ya kuchonga kwa mti unaweza usirudi nyumbani. Kila mtu mle ndani alijua, ndiyo maana hawakucheka. Mimi nilijua vilevile, ila kicheko kilikuwa kimeshatoka na watu wananitazama, nikaona haya kurudi nyuma.

Nikainua kiti.

Papa Salumu akasita. "Juge, iko namna gani? Nitoe kweli?"

"Toa, Papa! Kaseti haziko mu muji, na ye anaharibisha moja na mambo ya makasia. Heri angepigia mule ndoa ya mutu!"

Hapo sasa watu walicheka. Viti vikaanza kuinuliwa. Papa Salumu akatoa kaseti, akaweka ya kareti.

Mama yake Faustin aligeuka akatuangalia. Akauliza, "Iliisha? Mais, lakini mi siyakufa bado!"

Salle nzima ikaangua kicheko. Kumbe mama wa watu alikuwa anasubiri scene yake ya kufa, ndiyo aliyoifanyia mazoezi nyumbani. Faustin akamshika mkono wakatoka.

Kama miezi miwili baadaye nikaoa. Mimi huyu huyu.

Béatrice, mke wangu, alitamani ndoa yetu ipigwe video. Nilizunguka soko lote, kaseti hakuna. Nikamwambia asahau. Asubuhi ya ndoa Faustin akatokea na kamera begani.

Nikamuuliza kaseti kaitoa wapi.

"Iko moja ya bure, ndeko, ndugu yangu. Haikuwa na kazi. Usijali."

Alipiga ndoa yote, kanisani mpaka kwenye kucheza, akanikabidhi kaseti kama zawadi. Karatasi ya ubavuni ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe.

Wakuu, nilijua. Msiniulize nilijuaje. Niliitazama ile karatasi iliyokwanguliwa, nikasema merci, nikaiweka kabatini. Nilimshukuru kwa kaseti na sikumuomba msamaha kwa filamu.

Tuliendelea kusalimiana vizuri, lakini filamu hakutengeneza tena. Baadaye alihamia Opala kufuata biashara ya mpunga, na huko homa ikamchukua. Habari ilinifikia ameshazikwa. Mama yake naye hakukaa sana.

Mashine yetu ya video iliharibika mwaka ule ule tuliooana. Ile kaseti tuliitazama mara moja tu, tena dansi ilipoanza Béatrice akaenda kuhudumia wageni, nami nikazima.

Mwezi uliopita binti yetu aliipeleka kwa fundi mjini aitie kwenye flash, awe na picha za ndoa ya wazazi wake. Akarudi mchana na kompyuta, uso umemkaa vibaya.

"Papa, ndoa yenu inaisha, kisha kunatoka batu bengine. Banani bale?"

Tukakaa watatu mezani. Wageni wanacheza, picha inakatika, chenga nyeupe kidogo, halafu akatokea mama yake Faustin amelala kwenye mkeka.

Ndoa yetu ilikuwa fupi kuliko filamu yake. Zilibaki dakika kama sita.

Yule mama alikufa vizuri, wakuu. Hakupiga kelele, hakugeuza macho. Aliwaita wanawe kwa majina, akawaambia mitego ni miti tu na maji yataleta mingine, wasiende kuua mtu. Kisha akageukia ukutani kama mtu aliyechoka. Béatrice alikuwa analia waziwazi. Mimi safari hii jenereta sikuwa nayo.

Halafu ikaja picha ndefu ya wanaume wanapanda kwenye miti ya mitego juu ya maji ya maporomoko yanayochemka. Nimetazama muvi maisha yangu yote na picha nzuri kama ile sijaiona. Naisema kama hakimu, kama bado mnanipa cheo hicho.

Nikadhani imeisha. Kumbe Faustin alichelewa kuzima kamera. Picha ikaangukia miguu ya watu na mchanga, ikasikika sauti yake, karibu kabisa:

"Bon, tumemaliza. Musiionyeshe kwa mutu kwanza. Juge njo ataiona wa kwanza. Ye akisema iko muzuri, basi iko muzuri."

Ikazima.

Na kweli alikuja kuniita. Ndiyo nakumbuka sasa. Wiki ile alipita nyumbani mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia nitaiona Jumapili pamoja na wengine.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekijua kwa kuchelewa. Kazi ya mtu usiihukumu kwa ajili ya wanaokutazama wewe. Na kama wajua shida aliyoipitia, halafu ukaicheka shida yenyewe, huo si uhakimu, ni roho mbaya. Majuto ni mjukuu, wangu amekuja na flash mkononi.

Kama kuna mtu uliyewahi kumcheka mbele za watu kwa alichokitengeneza, na bado anapumua, mpigie simu kwanza ndipo uje ucomment. Wengine leteni mawazo yenu, hata matusi, nitasoma yote mpaka mstari wa mwisho.