Siku Niliyomkataza Mama Kumtania Mchoraji

Katika wachoraji wote nilimpenda mmoja tu, na wala sikuwajua wengine. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, kisha akahamia Kibaha na kuanza kuchora kuta za maduka kwenye barabara ya Morogoro. Kila tulipotoka Kibuta kwenda kwa shangazi Visiga, nilisimama mbele ya ng'ombe wake mwekundu kwenye ukuta wa mgahawa mpaka mama anivute mkono.

Mama na yeye walikuwa watani, kama Wazaramo na Wanyamwezi wote. Wakikutana, watu waliacha chai ipoe ili wasikilize matusi.

Siku moja Wazungu wakazipenda picha zake, wakampa mbao azichore upya, wakazitundika katika jumba la makumbusho mjini. Akatuletea salamu: njooni, sina mtu kule. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya misheni, najiona nimestaarabika kweli kweli. Ndani ya lori nikamsihi mama, "Leo usimtanie. Kutakuwa na wakubwa, utamwaibisha."

"Haya, mstaarabu wangu. Nimefunga mdomo."

Na kweli akaufunga. Mle ndani nilizunguka moyo ukinidunda kwa furaha: ng'ombe wake wote, wekundu, ukuta mzima! Mwenyewe alisimama pembeni na koti la kuazima, kama mgeni kwenye harusi ya watu. Alipotuona uso ukachanua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akamgeukia mama, akangoja.

Mama akampa mkono. "Hongera. Picha nzuri."

Uso ukamshuka pale pale. Akanivuta kando. "Mama yako ana nini? Kuna msiba? Au picha zimemchukiza? Tangu asubuhi wananiambia nzuri, nzuri. Mimi nilikuwa namngoja yeye."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikarudi mbio kwa mama. "Mama, mtukane."

"Mbele ya wakubwa?"

"Mbele yao hao hao!"

Mama akajifunga khanga vizuri kiunoni. "We Mnyamwezi! Huyu ni ng'ombe au kitanda? Miguu yote minne imepinda!"

"Mzaramo atamjulia wapi ng'ombe? Ningekuchorea muhogo ungeelewa!"

Bibi mmoja wa Kizungu akatoa macho. Bawabu akaja mbio, lakini mchoraji akamzuia huku anacheka, ameshika mbavu. Nami nilicheka mpaka nikakaa chini, ustaarabu wangu wote umekwisha.

"Kitanda hiki nakichukua," mama akasema, akaishika picha. Kwa watani hiyo ni haki yake.

Bawabu akapiga kelele kwamba picha haziguswi. Basi mchoraji akaitungua mwenyewe, akajitwika kichwani, akawaacha wageni wake na kutupeleka hadi kwenye lori. Mama alimfuata nyuma akiwatangazia wapita njia kwamba amepata mpagazi wa Kinyamwezi, tena wa bure, na mpagazi akaongeza mwendo kwa furaha.