Legeza Utaya, Bi Mwatum

Bi Mwatum binti Ngwali alikuwa mkunga wa kijiji cha Vitongoji, Pemba, kwa miaka ishirini na saba, na ukimuuliza dawa yake ya uzazi ni ipi, hakutaja mzizi wala kombe la aya za kunywa. Alisema ni utaya. Mwanamke akiukaza utaya kwa uchungu, na chini hukaza vilevile. Akiulegeza na kuvuta pumzi taratibu, mtoto hupata njia. Basi kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kitako ubavuni mwa mwenye uchungu na kumwambia neno hilo moja mpaka limwingie. Wengine walimtukana, naye aliwasamehe papo hapo.

Mwaka 1959, karafuu zimeanikwa kila ua, mwanamke aliyekuwa akimzalisha, jina lake Tatu, alimfia mikononi. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma liligoma kutoka, damu ikaja, na gari iliyoagizwa mjini Chake ilifika Tatu keshafunikwa kanga. Hakuna aliyemlaumu mkunga. Shaame, mume wa marehemu, alimwambia mwenyewe, "Bi Mwatum, siku zake zilifika." Lakini tangu hapo moyo wa bibi ukawa unamwenda mbio hata akiwa amekaa, usingizi ukamruka, na mikono ile iliyopokea nusu ya watoto wa kijiji ikaanza kutetemeka.

Watu wakasema ni pepo. Kwetu, moyo ukienda mbio na mwenyewe hakukimbia, lazima awepo anayeufukuza. Akapigiwa ngoma siku saba, akarudi na magoti yanamuuma na moyo ule ule. Daktari akampima, asione ugonjwa, akamwambia apumzike. Bi Mwatum alikereka. Alipumzika kwa namna yake: alifagia ua mara tatu, akapeta mchele wa jirani, akasuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikavimba. Kwake yeye, mtu mzima anayelala mchana ama ni mgonjwa wa kufa ama ni mvivu, na hakuwa tayari kuitwa lolote kati ya hayo.

Ndipo akaja Siti, binti yake wa pekee, kutoka kwa mumewe Mkoani. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwa ada mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama.

"Mie sitakupokea, mwanangu," mama akamwambia mapema. "Nshamwagiza Bi Moza, mkunga wa Wawi."

Siti hakubishana. Siku moja baada ya sala ya adhuhuri alitandika mkeka chumbani.

"Lala, mama."

"Nilale, kwani nshakufa?"

"Lala chali. Fumba macho. Legeza utaya."

Bi Mwatum alicheka, kisha akalala, maana maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Siti akaendelea kama alivyomsikia mama tangu utotoni: legeza mabega, legeza vidole, vuta pumzi polepole, kuitoa kuwe kurefu zaidi. Siku ya kwanza bibi aliinuka upesi akidai chungu kinaungua, na jikoni hakukuwa na chungu. Siku ya nne alitulia. Siku ya tisa akamlilia Tatu kwa sauti, jambo ambalo hata matangani hakulifanya, kwa vile huko alijipa kazi ya kupika. Siti alimwacha alie.

Ikawa kila mchana wanalala wawili mkekani, wakihesabu pumzi kwa tasbihi. Mwezi haukwisha, usingizi ukarudi, na moyo ukashika mwendo wake. Mikono tu ndiyo haikuaminika bado.

Miezi ilipotimia, uchungu ulimshika Siti usiku wa kuamkia Alhamisi. Bi Moza akatumiwa mtu, naye akakutwa ana mzazi mwingine. Hakubaki ila Bi Mwatum. Mtoto wa kike akaja kabla jua halijawa kali, akalia vizuri. Kondo likagoma.

Damu ikaanza, na mikono ya bibi nayo ikaanza. Alijua kwamba akiingiwa na pupa akavuta, atamuua mwanawe. Alitaka kuvuta. Badala yake akakaa kitako, akafumba macho mbele ya damu, kitu ambacho angemkaripia mkunga yeyote mwingine. Akalegeza utaya. Pumzi moja, ya pili, ya tatu. Alipofumbua macho, mikono ilikuwa imetulia, na ina joto.

Akamweka mtoto kwenye titi la mama yake, akamsugua Siti tumbo kwa duara, bila haraka.

"Legeza, mwanangu."

"Nshalegeza. Na weye je, mama?"

"Na mie."

Kondo likaja zima, na damu ikapungua mpaka ikawa ya kawaida.

Wanawake walipofika na uji na vigelegele, Siti, pale pale alipokaa, aliwazuia mlangoni kwa kidole mdomoni. Mzazi alikuwa amekaa macho, mtoto mapajani. Aliyelala ni mkunga, chali mkekani mchana kweupe, utaya umemlegea, anakoroma.